Mipopi kwenye uwanda mkavu wa Colorado: nisie mbegu juu ya theluji au nianze na miche ndani?

MamaTumaini

Habari zenu wakuu, na wakubwa zangu shikamooni.

Mimi mzaliwa wa Karatu, kwa sasa tunaishi Aurora, Colorado. Nyumba tuliyohamia ina eneo jembamba mbele, kama mita sita kwa mbili, linaelekea kusini na jua linapiga kutwa nzima. Zamani palikuwa na nyasi, zikakauka, mume wangu akazing'oa zote. Udongo ni mfinyanzi wa kijivu. Ukilowa unanata viatuni, ukikauka unapasuka nyufa za kuingia kidole.

Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, mama mtu mzima, ana mipopi, yale maua ambayo Kiingereza wanayaita poppy. Mwisho wa Mei ilichanua maua mekundu makubwa yenye weusi katikati, mpaka watoto wangu wakawa wanagoma kuingia kwenye gari kabla hawajayatazama. Kufika Julai hakuna kitu, majani yote yamekauka, nikajua imekufa. Juzi ameniletea mfuko wa karatasi wenye vichwa vya mbegu vilivyokauka. Mwenyewe nilikuwa nimeshanunua pakiti mbili, moja ya mpopi wa California na nyingine ya mpopi wa Iceland.

Sasa mashauri yanapingana. Mhudumu wa duka aliniambia niatike ndani mwezi wa tatu kwenye trei, kama nyanya, halafu nihamishie nje mwezi wa tano, na nichanganye mboji nyingi na mbolea. Jirani anasema nitoke tu nje siku yenye theluji nizimwage juu yake, basi. Nani yuko sahihi? Na udongo huu niufanyeje? Maji huku ni ghali, sitaki bustani ya kunywesha kila siku.

La mwisho linanikosesha raha. Mpopi ndio mmea wa kasumba, yaani afyuni. Sisi karatasi zetu za makazi bado zinashughulikiwa. Nikipanda haya maua mbele ya nyumba, sijitafutii matatizo?

KakaDenver

Dada, msikilize jirani yako. Wa California mimi nilisia Machi juu ya theluji iliyobaki, ukaota vizuri, na mwaka uliofuata ukajiotea wenyewe hadi kwenye nyufa za njia ya gari.

Kuhusu maji, sisi wa Denver kuanzia Mei hadi Oktoba kwa kawaida tunaruhusiwa kumwagilia siku zisizozidi tatu kwa wiki, na si kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Nyie Aurora mna mamlaka yenu ya maji, angalia masharti yao. Hayo mengine nawaachia wanaojua.

MzeeKitalu

Marahaba mama. Mimi ni wa Njombe, niko Colorado Springs, mita 1,840 hivi kutoka usawa wa bahari, na kazi yangu tangu nifike huku ni bustani za watu. Ninayapenda maua haya kuliko yote yanayoota hapa, kwa hiyo univumilie nikirefusha.

Tuanze na hofu yako, maana hiyo ndiyo inayoweza kukuumiza. Mmea wa kasumba ni aina moja, Papaver somniferum. Sheria ya shirikisho ya Marekani inauweka kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa, mmea mzima isipokuwa mbegu zake, zile zinazonyunyizwa juu ya mikate. Utaona pakiti zake zinauzwa wazi, na utaona bustani za wazungu zimejaa maua yake na hakuna anayewagusa. Wewe usiupande. Mtu ambaye karatasi zake ziko mezani kwa ofisa hana sababu ya kuwa na mmea huo mlangoni kwake, hata mmoja. Mpopi wa California na wa Iceland hauhusiki kabisa na sheria hiyo, panda kwa amani.

Ule mfuko wa jirani usiufungue kwanza. Nenda kamuulize, au kumbuka, majani yalikuwaje. Kama yalikuwa laini, yenye rangi ya kijani cha kijivujivu, na yameukumbatia ushina, huo ni somniferum, mrudishie kwa heshima. Kama yalikuwa na vinyweleo vigumu, yamechanika pembeni, na mmea unarudi palepale kila mwaka, ni mpopi wa mashariki, Papaver orientale, na una bahati. Nirudishie jibu.

Sasa kilimo chenyewe. Watu wa kwetu wakifika huku wanaona theluji wanadhani nchi ina maji. Denver na Aurora zinapata kama milimita 350 hadi 400 za mvua na theluji kwa mwaka. Dodoma, tunayoiita kavu, inapata zaidi ya 500. Halafu hewa ya huku haina unyevu, jua la mwinuko ni kali, upepo wa kutoka milimani unaweza kuyeyusha theluji yote kwa siku moja, na usiku baridi inashuka hata Mei. Hapo yule mhudumu wa duka anaona lazima mmea utunzwe kama mgonjwa. Lakini angalia mipopi inatoka wapi. Wa mashariki ni wa Caucasus, mashariki ya Uturuki na kaskazini mwa Iran, milima yenye baridi kali na kiangazi kikavu. Wa California unafunika ukingo wa jangwa la Mojave ikinyesha vizuri. Mmea wa namna hiyo ukiuletea mboji, samadi na maji ya kila siku unaoza shingo, pale shina linapokutana na mzizi, au unatoa majani matupu yenye shina legelege na maua ya kuhesabu. Kinachoua mipopi kwenye bustani ninazoitwa kutazama ni wema wa mwenye bustani, mara chache sana ni ukame.

Kuhusu trei za ndani, sikubaliani nazo kwa aina ulizo nazo, hasa wa California. Mpopi unatuma chini mzizi mkuu mmoja mrefu kama karoti, mapema sana, kabla hata majani hayajafikia ukubwa wa ukucha. Ukiuhamisha mzizi huo unakatika au unajikunja, na mche unakaa wiki nzima umeinamisha kichwa, halafu unakufa jua la Mei likianza. Nyanya ukiihamisha inatoa mizizi mingine ubavuni, ndiyo maana inavumilia. Mche wa mpopi hauna uwezo huo. Usie palepale utakapochanua.

Na jirani yuko sahihi kuhusu theluji, ila si lazima theluji yenyewe. Faida zake ni tatu, nazo zinafanya kazi kwa pamoja. Mbegu ni ndogo sana, na juu ya weupe unaona ulipomwaga na usipomwaga. Theluji ikiyeyuka taratibu inazishusha kwenye udongo na kuzilowesha bila kuzisomba. Usiku ardhi inaganda, mchana inaachia, na kule kufunga na kufungua kunazivuta mbegu ndani ya vinyufa kwa kina zinachotaka, yaani karibu na hakuna. Mbegu za mipopi mingi zinataka mwanga ili ziote. Ule mpopi mwekundu wa mashambani wa Ulaya, Papaver rhoeas, ulifunika viwanja vya vita vya Ubelgiji na Ufaransa baada ya 1914 kwa sababu hiyohiyo: mbegu zilikuwa zimelala chini ya udongo miaka mingi, mahandaki na mizinga ikazifukua, zikaona jua. Kwa hiyo ukizifukia kwa reki hata sentimita mbili, utangoja sana.

Fanya hivi. Chukua mbegu za California, changanya na mchanga mkavu, kipimo kimoja cha mbegu kwa kumi vya mchanga, uzisambaze mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi siku isiyo na upepo. Weka nusu tu. Nusu nyingine isubiri Novemba kabla ardhi haijaganda. Sababu ni mvua ya mawe. Huku chini ya milima tunapigwa mawe kuanzia Mei, Juni ndiyo mbaya zaidi, na dakika kumi zinatosha kugeuza bustani nzima kuwa mboga iliyokatwakatwa. Ukiwa na mimea ya umri tofauti, mawe yakipiga iliyochanua, midogo inainuka baadaye.

Udongo wako. Usithubutu kuchanganya kimchanga kidogo na mfinyanzi ule, utakuwa mgumu kuliko ulivyokuwa. Ama uuache ulivyo, maana mipopi haina ugomvi na udongo wa magadi kama wa huku, au upandishe tuta la sentimita 15 hadi 20 la mchanga wenye chembe kubwa na kokoto juu yake. Eneo lako ni dogo, mimi ningepandisha tuta. Juu kabisa tandaza kokoto ndogo, unene wa sentimita tano. Hapo ndipo wengi wanashangaa: mbegu zinapenda kuota ndani ya kokoto kuliko kwenye udongo mtupu. Kokoto zinatunza unyevu chini, udongo haufanyi ganda gumu juu, na shingo ya mmea inabaki kavu. Maganda ya miti wanayotandaza huku kila mahali usiyaweke hapo, yanaozesha shingo na kuzima mbegu.

Maji: kuanzia siku theluji inakwisha hadi miche ionekane, wiki mbili au tatu, usiache juu pakauke. Nyunyiza kwa ukungu mwembamba asubuhi. Huo ndio wakati pekee nitakaokuruhusu kumwagilia karibu kila siku, na ni eneo la mita chache, bili haitakushtua. Miche ikiwa na majani manne anza kuinyima: siku mbili, siku nne, wiki. Halafu punguzia. Hapa watu wanaona huruma na hawafanyi, na mimea inabanana mpaka yote inakuwa dhaifu. Acha mmoja kila sentimita 20, mingine ikate kwa mkasi usawa wa ardhi. Usiing'oe, utaivuta na jirani yake.

Mbolea usiweke.

Pakiti ya Iceland ni habari nyingine. Huo unatoka nchi za baridi sana, unachukia usiku wa joto. Aurora Julai utakuchokea. Ukiupanda, uweke upande wa mashariki wa nyumba upate jua la asubuhi tu, na uufurahie Mei na Juni.

Shangazi_Breck

Mzee shikamoo. Naongezea kuhusu Iceland. Mimi nafanya kazi hotelini Breckenridge, mita 2,900 na ushee. Huku ndio kwao. Maua ya njano, ya chungwa na meupe yako kando ya barabara na kwenye mapipa ya mbele ya maduka kuanzia Juni mpaka sakitu ya Septemba, na yanajiotea kwenye changarawe bila mtu kuyaita. Usiku wa Julai tunavaa sweta. MamaTumaini, kama una rafiki anaishi juu milimani mpe hiyo pakiti, itamfaa kuliko wewe.

MzeeKitalu

Marahaba Shangazi. Kweli kabisa, na ndiyo maana mtu akiniuliza "mpopi gani unafaa Colorado" namuuliza kwanza uko mita ngapi. Kutoka Aurora hadi kwako ni mwendo wa gari wa saa mbili hivi, lakini kwa mmea ni kuhama nchi.

WambuiNanyuki

Hamjambo. Mimi niko Nanyuki, Kenya. Sisi pia tuko juu na pakavu upande huu wa Laikipia, na nimekuwa nikitaka kujaribu hii mipopi. Lakini hatuna theluji wala majira ya baridi. Niweke mbegu kwa friji kwanza? Ama nisahau?

MzeeKitalu

Usisahau dada Wambui, ila chagua. Wa mashariki uache, unataka majira ya baridi halisi ndipo uchanue vizuri, na friji haiwezi kukupa miezi mitatu ya ardhi baridi. Wa California na ule mwekundu wa mashambani hautaki kugandishwa, unataka udongo wa ubaridi na mwanga tu, na usiku wa Nanyuki unatosha. Sia mvua za mwisho wa mwaka zikianza kupungua, ili mimea ikiwa mikubwa ikutane na kiangazi cha Januari na Februari. Ujue kitu kimoja: mipopi mingi ya mwaka mmoja husubiri siku ndefu ndipo itoe maua. Denver mwezi Juni mchana ni saa kumi na tano, wewe uko kwenye mstari wa ikweta, saa kumi na mbili mwaka mzima. Kwa hiyo usikate tamaa ukiona majani yanakaa muda mrefu bila chipukizi la ua.

Na huko kwenu sheria iko wazi kuliko huku. Sheria ya dawa za kulevya ya Kenya ya 1994 inakataza kulima somniferum. Ukinunua mbegu soma jina la Kilatini, usinunue pakiti iliyoandikwa "mpopi" tu.

Halafu jamaa wa familia hii unaye tayari. Lile gugu la miiba la mashambani lenye maua ya njano, majani yenye madoa meupe, ukilikata linatoa utomvu wa njano, ni Argemone mexicana, na liko kwenye ukoo wa mipopi. Lilitoka Mexico, likasambaa Afrika Mashariki yote. Usiliache karibu na nafaka au mbegu za mafuta, mbegu zake ni sumu. India zimeua watu zilipochanganyika na mafuta ya haradali, Delhi mwaka 1998. Huku Colorado tuna ndugu zake wa asili, maua meupe makubwa yenye kiini cha njano, yanaota kando ya barabara za uwandani ambako hakuna anayemwagilia chochote. Kila nikiyaona najua hii ni nchi ya mipopi kabla ya sisi wote kufika.

MamaTumaini

Mzee, Mungu akubariki. Nimeenda kwa jirani. Amesema mimea yake iko palepale tangu aolewe, na majani yana vinyweleo vinavyowasha kidogo mkononi. Na kweli, chini ya theluji kuna majani mabichi yamelala, nimeyaona kwa macho yangu leo! Kumbe haikufa Julai.

Sasa hizi mbegu zake nizisie pamoja na za California kwenye tuta moja?

MzeeKitalu

Basi ni wa mashariki, ondoa wasiwasi. Haikufa, ililala. Ndivyo unavyokwepa kiangazi: ukishachanua na kukomaza mbegu unakausha majani yote, mzizi unabaki chini unasubiri, na Septemba usiku ukipoa unachipua tena. Julai na Agosti watu wanaona pamekauka wanamimina maji kuuokoa, na maji hayo ndiyo yanayouozesha ukiwa usingizini. Ukilala, usiguse. Kinyume chake, kati ya Oktoba na Machi ukipita mwezi bila theluji, chagua siku yenye joto zaidi ya nyuzi nne, umwagilie kidogo mchana ili maji yazame kabla ya usiku. Baridi kavu ya huku inakausha mizizi.

Usiziweke kwenye tuta moja. Wa mashariki unakua mpana, unataka sentimita 50 peke yake, utaufunika wa California. Na ukilala unaacha pengo, kwa hiyo uuweke nyuma karibu na ukuta, na mbele yake kitu kinachojaa baadaye.

Mbegu zake sia kidogo ukipenda, kwa njia ileile ya Machi, lakini ujue maua ya kwanza ni mwaka wa pili au wa tatu, na rangi inaweza isifanane na ya mama. Kama unaitaka ileile nyekundu ya jirani, muombe mzizi. Agosti, mmea ukiwa umelala, achimbe pembeni kwa uangalifu, akate vipande vya mzizi vyenye unene wa penseli na urefu wa sentimita saba hivi. Mwambie akate upande wa juu bapa na wa chini mshazari, msije mkavipindua. Uvichomeke wima kwenye mchanga mchanganyiko na udongo, kwenye makopo marefu, kichwa kikiwa sentimita moja chini, uviweke kivulini na unyevu kidogo tu. Vikitoa majani mwishoni mwa Septemba vihamishe na udongo wake wote bila kuutikisa, kabla ardhi haijaganda. Mmea wa jirani hautadhurika, hata kipande kinachobaki shimoni kitachipua.

Anza na kokoto sasa hivi wakati ardhi haijalowa. Mume wako akileta gari ya mzigo, mita za ujazo mbili na nusu hadi tatu zinatosha tuta na juu yake. Amwambie muuza kokoto ampe zilizooshwa, zisizo na vumbi la chokaa.

KakaDenver

Dada, kokoto mimi nina lundo limebaki nyuma ya nyumba tangu nitengeneze njia ya gari. Zilizooshwa, ndogo. Niandikie pembeni, Jumamosi naweza kuzileta.